UZI: Jina la faili si faili. Tujifunze kusoma baiti za mwanzo

FundiWaChake (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Wiki iliyopita jioni aliingia dukani kwangu hapa Chake, Pemba, kijana kutoka upande wa Konde. Anaomba kazi, na dirisha la maombi linafungwa usiku ule ule saa sita. Kila akipakia cheti chake mfumo unamrudishia maandishi mekundu: faili si sahihi. Faili lenyewe linaitwa cheti.pdf. Ameshajaribu mara tisa, bando limemwishia, uso umemsawijika.

Nikamuuliza hilo faili kalitengeneza vipi. Akanambia alikipiga picha cheti kwa simu, kisha rafiki yake akamwonesha kuwa ukifuta .jpg ukaandika .pdf, basi picha inakuwa PDF. Sikubishana naye. Nilichomeka flashi yake, nikalifungua faili kwa HxD, programu ya bure inayokuonesha baiti moja moja, nikamwita aje asimame upande wangu wa meza. Mstari wa kwanza ulikuwa huu:

FF D8 FF E1 2B F0 45 78 69 66 00 00 4D 4D 00 2A

Nikamwambia, hii ni picha ya JPEG iliyotoka kwenye kamera ya simu. FF D8 FF ndivyo JPEG zote zinavyoanza. Hizo 45 78 69 66 ukizisoma kwa herufi ni "Exif", yaani maelezo ya kamera, na kwa kawaida humo mna saa na tarehe ya kupigwa picha. PDF ya kweli ingeanza na 25 50 44 46 2D, ambazo kwa herufi ni %PDF na kistari. Hapa hakuna hata moja ya hizo. Tukaichukua picha ile ile, tukaiprinti, ila badala ya kuchagua printa tukachagua PDF. Ikapita mara ya kwanza.

Mfumo ule ulikuwa na haki kumkatalia. Nnachokilalamikia ni ule ujumbe wake. Kumwambia mtu "faili si sahihi" ni sawa na daktari kukwambia "unaumwa". Ungesema "umetuma picha, tunataka PDF", kijana angelimaliza kazi yake kwao Konde bila ya kupanda gari mpaka Chake. Ndio maana naandika uzi huu. Watu wengi wanahangaishwa na jambo ambalo ukishaliona kwa macho mara moja, hutolisahau tena.

Tuanze na jina linakaa wapi. Wengi tunadhani jina limo ndani ya faili. Halimo. Jina limeandikwa kwenye daftari la folda, pamoja na ukubwa na tarehe. Faili lenyewe ni safu ya baiti tu, kila baiti ni namba kuanzia 0 hadi 255. Ukibadilisha jina, au huo mkia wake baada ya nukta, umebadilisha daftari. Ndani ya faili haijaguswa hata baiti moja. Windows inautazama mkia huo ili ijue iite programu gani, basi, kazi yake imekwisha hapo.

Wapemba tunalijua hili kwa njia ya karafuu. Hakuna anayenunua gunia kwa sababu ya maandishi yaliyopo juu yake. Atalifungua, atatia mkono, atazimwaga kiganjani kutafuta makonyo (vile vijiti vya karafuu), atavunja moja asikie kama imekauka. Baiti za mwanzo ndio kile kiganja cha kwanza. Waliotunga kila aina ya faili walikubaliana lianze na baiti fulani, ili programu yoyote ikilifungua ijue iko mbele ya nini. Hiyo ndiyo tunayoiita saini ya faili.

Tunaziandika kwa heksadesimali, tarakimu 0 hadi 9 na A hadi F, mbili kwa kila baiti. 00 ni sifuri, FF ni 255. Hesabu yake huihitaji leo, zitazame tu kama unavyotazama namba ya gari.

Saini nnayoipenda kuliko zote ni ya PNG, aina nyengine ya picha, kwa sababu walioitunga miaka ya tisini walikaa wakafikiri. Ni baiti nane:

89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A

Ya kwanza, 89, kwa hesabu ya kawaida ni 137. Iko juu ya 127 makusudi. Zamani kulikuwa na mitambo ya kupitishia maandishi iliyobeba biti saba tu kati ya nane zinazounda baiti moja, ya nane inaikata. Faili likipita humo, 89 inatoka 09, na programu inajua papo hapo kuwa faili limeharibiwa njiani. 50 4E 47 ni herufi P, N, G. Kisha 0D 0A, ambayo ndiyo alama ya kumaliza mstari kwenye DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows) na Windows, na mwisho kabisa 0A peke yake, ambayo ni alama hiyo hiyo kwa upande wa Unix, mfumo mwengine wa kompyuta. Kwa nini zote mbili? Kwa sababu kuna programu zilizokuwa zikihamisha mafaili na kuyadhania maandishi, zikawa "zinasahihisha" alama za mistari. Ikibadilishwa ya kwanza au ya mwisho, saini imevunjika na mwizi kakamatwa. Hiyo 1A katikati ni alama iliyoifanya DOS isimame, ukijaribu kulionesha faili kama maandishi usimwagiwe takataka kwenye skrini. Baiti nane, na kila moja ina zamu yake ya ulinzi.

Nyengine zimebeba majina ya watu. Programu za Windows, hizo .exe, huanza na 4D 5A, yaani MZ, herufi za Mark Zbikowski aliyekuwa mhandisi wa Microsoft. ZIP huanza na 50 4B, PK, za Phil Katz aliyeitunga. Faili la zamani la Word, lile .doc, huanza na D0 CF 11 E0, na ukiikazia macho utaona wametaka isomeke "docfile". GIF, aina nyengine ya picha, ni nyepesi, imejiandika yenyewe: GIF87a au GIF89a, kwa miaka 1987 na 1989.

Saini si lazima ikae mlangoni, lakini. MP4 ukitazama baiti nne za mwanzo hukuti jina, hizo ni urefu wa kipande cha kwanza. Saini inaanza baiti ya tano: 66 74 79 70, "ftyp". Na hapo hapo mbele yake ndipo unapojua ni video au ni picha ya HEIC, kwa sababu zote mbili ni ukoo mmoja. WAV ya sauti, AVI ya video na WEBP ya picha zote huanza na "RIFF", mpaka usome baiti ya tisa ndio ujue umeshika nini. Faili la ISO la sidii ndio mbali zaidi, maandishi yake "CD001" yanaanza baada ya baiti 32,769.

Hiyo HEIC ndiyo inayotusumbua sana msimu wa harusi. Jamaa zetu wanaokuja kutoka Maskati wana iPhone, na iPhone tangu mwaka 2017 inaweza kuhifadhi picha kwa HEIC. Mtu anabadilisha mkia kuwa .jpg, analeta dukani ziprintiwe, kompyuta inakataa, anasema flashi imeharibika. Flashi ni nzima. Picha zinataka kugeuzwa kwa programu, jina halizigeuzi.

Kwa leo niishie hapa, magharibi inakaribia. Ulizeni.

Karafuu77

Waalaykumu salaam fundi. Uzi mzuri. Mie nina kesi. Kadi ya kamera ya harusi ya mdogo wangu, mtoto kaifuta yote. Nilikwenda kwa mtu akanambia zimekwenda, nisahau. Hivyo saini zinasaidia hapa?

FundiWaChake

Zinasaidia, na hapa ndipo zinapoonesha thamani yake. Ila kwanza: umeipiga picha nyengine yoyote kwa kadi hiyo? Kama hujapiga, usipige. Itoe kwenye kamera leo hii.

Ukifuta picha kwenye kadi, kilichofutwa ni ule mstari kwenye daftari la folda. Picha zenyewe bado zimelala pale pale, mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec, ya Christophe Grenier. Hiyo haiangalii daftari kabisa. Inapita kadi nzima kipande kwa kipande inatafuta FF D8 FF na saini nyengine inazozijua, ikikuta inasema hapa imeanza picha, inaanza kukusanya. Majina hutoyapata tena, kwa sababu majina yalikuwa kwenye daftari. Utapata mamia ya picha zenye namba tu, utazipanga mwenyewe.

Video ni shughuli kidogo. Faili refu mara nyengine huandikwa vipande vipande sehemu mbali mbali za kadi, na saini inakuonesha mwanzo tu, haikwambii kipande cha pili kiko wapi. Picha ndogo ndogo zina bahati zaidi. Na hakikisha unachokiokoa unakihifadhi kwenye diski nyengine, si kwenye kadi hiyo hiyo. Huyo aliyekwambia usahau alifanya haraka.

Msanidi_Unguja

Fundi, nakushukuru. Mie natengeneza mfumo wa skuli moja hapa mjini, wazazi watapakia picha za watoto na vyeti vya kuzaliwa. Natazama mkia wa jina, na natazama ile aina ya faili inayoletwa na kivinjari. Nilidhani inatosha.

FundiWaChake

Haitoshi, na nakuomba usiufungue mfumo mpaka urekebishe, maana ni vyeti vya watoto hivyo.

Mkia wa jina kauandika mpakiaji. Ile aina inayoletwa na kivinjari nayo inatoka upande wake, na mtu mwenye nia mbaya anaiandika atakavyo. Yote mawili ni maandishi ya juu ya gunia. Soma baiti mwenyewe kwenye seva. Kama unatumia PHP ipo finfo, imo ndani yake tayari. Kwa Python ipo python-magic. Zote zinategemea hazina moja ya saini, iliyotokana na amri ya "file" ya Unix. Amri hiyo ipo tangu mwaka 1973, na hii huria tunayoitumia wengi wetu aliianza Ian Darwin mwaka 1986. Usijitungie hazina yako, watu wameshaifanyia kazi miaka na miaka.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Saini ikilingana hujamaliza. Mtu anaweza kuandika GIF89a mwanzo wa faili, akafuatisha msimbo wa PHP. Baiti sita za mwanzo ni za GIF kweli, na seva ikiliita faili lile kama ukurasa, msimbo unakimbia. Kiganja cha juu kimetoka karafuu safi, chini mmejaa makonyo. Kwa hiyo picha ifungue kwa maktaba ya picha, uichore upya, uhifadhi hiyo mpya na ya mwanzo uitupe. Jina la mzazi usilitumie, mpe jina lako mwenyewe. Na mafaili yaweke pahala ambapo seva haiwezi kuyaendesha. Kubali aina mbili tatu unazozihitaji tu, usikae ukiorodhesha mabaya, hayaishi.

Msanidi_Unguja

Nimefahamu. Na docx? Nimejaribu sasa hivi, saini inasema ZIP.

FundiWaChake

Ni ZIP kweli. Docx, xlsx, pptx, epub, hata programu za Android, APK, zote ni ZIP ndani yake, zote zinaanza 50 4B 03 04. Ukiona PK umejua ukoo, hujajua mtu. Ifungue utazame ndani: ya Word ina folda inaitwa "word", ya APK ina AndroidManifest.xml. Na kwa wasomaji wengine wa uzi huu, mkitumiwa kwenye WhatsApp faili linaitwa "mwaliko wa harusi" na ukiligusa simu inakuuliza kama uruhusu kusakinisha, liache. Mwaliko hausakinishwi.

Kuna na mafaili yasiyo na saini kabisa. Maandishi matupu, .txt na .csv, hayana. Mara nyengine utakuta EF BB BF mwanzoni, hiyo inakwambia maandishi yameandikwa kwa UTF-8 (njia moja ya kugeuza herufi kuwa baiti), lakini kukosekana kwake hakukwambii kitu. Hapo unabaki kuyasoma na kukisia. Na msishangae mkikuta ripoti inaitwa .xls halafu Excel inalalamika kuwa aina na mkia havilingani. Zipo programu zinazotoa jedwali la HTML na kulibandika jina la Excel. Lifungue kwa Notepad, ukiona <table hapo mwanzo umeshalijua.

Karafuu77

Fundi, nimetumia PhotoRec usiku kucha. Picha 412. Nyingi nzima. Chache nusu ya juu inaonekana, nusu ya chini kijivu.

FundiWaChake

Alhamdulillahi! Hizo za kijivu kichwa chao kizima, mwili umekatika. JPEG inasomwa kuanzia juu kwenda chini na inamalizia na FF D9. Ilichokipata inachora, kilichobaki inaacha. Na ndio maana nasema kulitambua faili ni jambo moja na kulithibitisha ni jengine. PDF uliyoipakua mtandao ukakatika itaanza na %PDF vizuri kabisa, ila ukiteremka mpaka chini huioni %%EOF. ZIP ndio haina huruma, orodha ya vilivyomo imewekwa mwishoni mwa faili, kwa hiyo ikikatika mwisho programu nyingi zinakataa kuifungua hata kama asilimia 90 imefika. Mpongeze mdogo wako kwa niaba yangu.

BintiMkoani

Shikamoo fundi. Nimeusoma uzi wote kimya kimya, mie si mtu wa kompyuta. Babu yangu alifariki zamani kidogo. Nina sauti yake, ilirekodiwa kwa simu ya vibonye, iko kwenye kadi. Zamani niliihamishia kwenye laptop, kuna mtu akanibadilishia jina ikawa babu.mp3 ili ifunguke, haikufunguka. Nilikuwa sina moyo wa kuifuta. Nimepakua HxD kama ulivyosema. Mstari wa kwanza ni huu, nimeunakili herufi kwa herufi:

23 21 41 4D 52 0A 3C

mbele yake zipo nyingi sina haja ya kuziandika. Ukubwa umeandikwa baiti 672,006.

FundiWaChake

Marahaba mwanangu. Usiifute.

Hiyo si MP3. MP3 mara nyingi ingeanza na 49 44 33, "ID3", au na FF FB. Yako, 23 21 41 4D 52, kwa herufi ni #!AMR. AMR ni mfinyazo wa sauti uliotungwa kwa ajili ya simu, na simu za vibonye nyingi zilirekodi kwa huo. 0A inafunga saini. Hiyo 3C baada yake ni kichwa cha kipande cha kwanza cha sauti, na inanambia simu ilirekodi kwa kiwango cha juu cha AMR ya kawaida, kilobiti 12.2 kwa sekunde.

Sasa tutazame kama limekatika. Kwa kiwango hicho kila kipande ni baiti 32, na kila kipande ni sauti ya sehemu ya hamsini ya sekunde. Toa baiti sita za saini: inabaki 672,000. Gawa kwa 32: 21,000, hakuna kinachobaki. Kingebaki kitu ningekwambia kipande cha mwisho kimekatwa. Kwa hesabu hii vipande vyote vimetimia. Gawa 21,000 kwa 50: sekunde 420. Una dakika 7 kamili za babu yako.

Kwanza lifanyie nakala, ufanye kazi kwenye nakala. Badilisha mkia wa nakala uwe .amr. Safari hii jina linafuata ukweli, hatulidanganyi. Kisha fungua kwa VLC. Ikiwa itagoma niletee Chake, sikutozi.

BintiMkoani

Fundi.

Imefunguka. Nimemwita mama kaja kakaa. Dakika 7 kama ulivyohesabu. Anasoma Yasini, sauti ya kuku inaingia kwa nyuma, na mara mbili anakohoa kile kikohozi chake. Mwisho kabisa anaacha kusoma ananiita kwa jina, anasema, "Zima hiyo simu mjukuu wangu, watu wanakwenda kusali."